Watoto Wawili Katika Theluji

Safari hii nataka kusema neno juu ya hadithi moja ya nchi ya Austria. Mtungaji wake ni Adalbert Stifter, aliyezaliwa mwaka 1805 na kufariki mwaka 1868, naye alikuwa mkaguzi wa shule. Hadithi hiyo ilitoka kwanza mwaka 1845, kisha akaitengeneza upya na kuitia katika kitabu chake cha mwaka 1853. Jina lake ni Bergkristall, yaani jiwe lile la milimani lipitishalo mwanga kama kioo. Watu wa Lualaba, waliozoea kuokota malakiti, watalielewa jina hilo upesi.

Yaliyomo ni machache. Fundi viatu wa kijiji cha Gschaid ameoa binti wa Millsdorf, ng'ambo ya mlima. Watoto wao, Konrad na mdogo wake Sanna, huvuka mlima kwenda kumwamkia nkambo. Siku ya kuamkia Noeli wanakwenda tena, na hewa ni njema. Juu ya njia ilikuwapo nguzo nyekundu, ukumbusho wa mwoka mikate aliyekufa pale. Asubuhi hiyo wanaikuta imeanguka. Nkambo anawapa chakula, na kahawa kali ya kumpelekea mama, kisha anawarudisha mapema. Theluji inaanza. Nguzo haionekani tena, na watoto, badala ya kushuka, wanapanda hata kwenye barafu isiyoyeyuka kamwe.

Niliwasimulia hayo watoto wa katekisimu hapa Sandoa wakati wa Noeli, mvua ikipiga bati na Lulua imejaa. Theluji hawaijui, wajua mvua ya mawe tu. Lakini nguzo iliyoanguka waliielewa mara moja, maana nasi huweka tawi katika njia panda ili anayefuata asipotee, na upepo ukilichukua, basi. Ndipo mtoto mmoja akauliza: «Tata yao alikuwa wapi?»

Swali hilo limenifanya niisome hadithi upya.

Kwanza niseme kosa dogo. Mwanzo ni mrefu mno. Stifter atueleza desturi za Noeli, kijiji, mlima na majira yake yote, hata msomaji asiye na subira hufunga kitabu kabla watoto hawajatoka nyumbani. Lakini avumiliaye ataona faida yake: watoto wanapopotea, sisi twaijua njia, nao hawaijui tena.

Uzuri mkubwa umo katika Sanna. Kila aambiwalo na kaka yake, hujibu ndiyo. Twende huku: ndiyo. Tuketi chini ya mawe haya: ndiyo. Wengine husifu utii huo kama fadhila, na kweli ni fadhila. Mimi naona pia jambo la kutisha. Mtoto mdogo hawezi kupima mlima. Humpima yule anayemshika mkono, akiisha kumwamini hana neno jingine. Konrad naye ni mtoto, lakini ajua kwamba anayelala katika baridi ile haamki. Basi wanakunywa ile kahawa ya mama, wanakesha, wanasikia barafu ikipasuka, wanaona mwanga mbinguni. Stifter hapigi kelele hata kidogo. Ukimya wake washinda mahubiri mengi, na yangu ni kati ya hayo.

Na wazazi? Hapo mtungaji ni mpole kupita kiasi. Hamlaumu nkambo wala baba. Asubuhi vijiji viwili vinapanda kuwatafuta, watoto wanapatikana, na furaha yafunika yote. Najua, mtu wa milimani hawezi kumfungia mtoto ndani miaka yote, kama vile sisi tusivyoweza kumkataza mtoto kuvuka mto. Lakini nguzo ilianguka, na aliyeiona asubuhi ni mtoto. Mtu mzima angalirudi kuisimika.

Siku hizi wako wazazi katika milima ile wanaomchukua mtoto mdogo juu ya theluji ya majira ya kuchipua, wakienda kwa mbao za kutelezea. Wenye busara hutoka alfajiri, theluji ingali imeganda, na kurudi kabla jua halijailegeza ikaporomoka. Wajua pia kwamba mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa. Kwetu Afrika, mlima Kilimanjaro, wenye mita 5895, una kanuni: asiyetimiza miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni, ingawa ruhusa za pekee zimepata kutolewa. Wengine huona kanuni hiyo kuwa kali. Wamsome Sanna. Mtoto ajibuye ndiyo kwa kila jambo hatakuambia kichwa kinamwuma mpaka umwulize, na pengine hata ukimwuliza.

Mwisho wa hadithi umo jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Miaka yote watu wa Gschaid walimwona yule mama kuwa mgeni, na watoto wake nusu wageni, kwa kuwa alitoka ng'ambo. Tangu siku walipowashusha watoto mlimani, wakawa wenyeji. Hapa kwetu, ambapo mke wa kabila jingine aweza kuzeeka kijijini akiitwa bado mgeni, ukurasa huo mmoja wastahili kusomwa kwa sauti. Jioni, kitandani, Sanna amwambia mama yake kwamba kule juu alimwona Mtoto Yesu. Mama hamsahihishi.