‘Hawaonekani’ si ‘hawapo’: Dhana fichi katika maswali ya kupima fikra

Siku hizi anayesaka kazi au ufadhili wa masomo hupewa kwanza karatasi ya maswali ya kupima uwezo wa kufikiri. Swali moja hujirudia sana: ‘Ni dhana gani ambayo mwandishi ameitegemea bila kuitaja?’ Nimeyapitia baadhi ya maswali hayo yaliyotolewa kwa Kiswahili. Mengi yananuka tafsiri, na tafsiri hiyo ndiyo inayomponza mtahiniwa.

Nitatunga mfano wa huku kwetu. Kaskazini mwa mji wa Taveta kuna Ziwa Chala, lililo ndani ya kasoko ya volkano na kukatwa na mpaka wa Kenya na Tanzania. Mtu anasema: ‘Kwa miaka mingi mamba hawaonekani katika Ziwa Chala. Kwa hivyo, ni salama kuogelea humo.’

Hoja ina sababu na hitimisho. Katikati pana pengo, na kinacholiziba ni dhana fichi. Njia ya kuitambua ni kuikanusha. Chukua kauli hii: ‘Mamba wangekuwapo, wangeonekana.’ Ikanushe: ‘Mamba wanaweza kuwapo bila kuonekana.’ Hoja nzima imeporomoka, basi hiyo ni dhana ambayo msemaji hana budi kuitegemea. Ipo na ya pili, kwamba ziwani hamna hatari nyingine ila mamba. Lakini kauli kwamba ‘watalii hupenda kuogelea’ ukiikanusha, hoja inabaki ilivyokuwa. Hiyo ni chambo tu cha mtahini.

Mfano huu si wa mzaha. Mwaka 2002, kijana Mwingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea katika ziwa hilo hilo.

Sasa tuitazame lugha yenyewe. ‘Hawaonekani’ imo katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo ina tabia ya kubeba mambo mawili kwa pamoja. Yaweza kumaanisha kwamba hakuna aliyewaona, au kwamba haiwezekani kuwaona. Mitaani imeongezewa ya tatu. Rafiki akikwambia, ‘Mbona siku hizi huonekani?’ hazungumzii macho yake. Anauliza umepotelea wapi. Kwa msemaji wa kawaida, asiyeonekana ni asiyekuwapo!

Ndipo tatizo linapozuka. Mtahini aliyewaza kwa Kiingereza anadhani ameacha pengo kati ya kuonekana na kuwapo. Msomaji wa Kiswahili halioni, kwa sababu kitenzi kimekwisha kulifunika. Anakosa swali, kisha anaambiwa hajui kufikiri. Mimi naona aliyekosa ni mfasiri. Angeandika ‘hakuna aliyewaona mamba’, pengo lingebaki wazi, maana hapo yupo mtazamaji, na mtahiniwa angejiuliza: alitazama wapi, lini, kwa muda gani?

Kosa jingine ni la kuchanganya dhana na hitimisho, nalo limeenea mno. Soma hili: ‘Hakuna mto unaoingia katika Ziwa Chala. Mvua inayolinyeshea ni kidogo kuliko maji yanayopotea kwa mvuke. Hata hivyo, ziwa halikauki.’ Mtahini anauliza dhana iliyofichwa na kutoa jibu: ‘Maji huingia kupitia chini ya ardhi.’ Ni kweli maji hayo huingia hivyo, kutoka upande wa Kilimanjaro. Ila hilo ni jambo tunalolifikia baada ya kusoma sababu. Dhana hutangulia hitimisho na kulishikilia. Hapa mwandishi hakuhitimisha lolote, kwa hivyo hakuna dhana ya kutafutwa. Swali lilipaswa kuuliza, ‘Tunaweza kuhitimisha nini?’

Wanaisimu nao wana dhana fichi yao, na haifai kuchanganywa na hii. Nikisema, ‘Wavuvi wameacha kuliogopa ziwa,’ kitenzi ‘kuacha’ kinadokeza kwamba zamani waliliogopa. Nikikanusha, ‘Wavuvi hawajaacha kuliogopa ziwa,’ dokezo lile lingalipo. Linaishi ndani ya neno, na ukanushaji wa sentensi hauligusi. Ile ya hoja inaishi kati ya sentensi mbili, na tunapoipima tunaikanusha yenyewe. Vijitabu vya mazoezi huita zote mbili ‘dhana’ bila kumwonya msomaji. Afadhali ya kwanza iitwe dokezo, hata kama wenzangu vyuoni watanuna.

Mtaala wa umilisi umeweka kufikiri kwa kina miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi. Hata hivyo, maswali mengi ya ufahamu ninayoyaona bado humtaka mwanafunzi achomoe jibu kutoka aya ya pili na kulinakili. Ningependa kuona ufahamu mmoja tu wenye ‘kwa hivyo’ iliyopigiwa mstari, na swali: ni nini ambacho mwandishi hakukisema, lakini bila hicho ‘kwa hivyo’ yake haisimami?