Ekseli ya Mbele

Barabara ya vumbi inayotoka Ngorongoro kuteremka hadi lango la Naabi, mlango wa Serengeti, hailionei gari huruma. Uso wake una mawimbi mafupi yasiyokwisha, na vumbi lake lina asili ya majivu ya volkano: jepesi, lenye kukwaruza, linapenya penye sili iliyochoka. Gari linalopita huko mara kwa mara hulegea nati kwa nati. Ndiyo maana Arusha imejaa gereji, na ndani ya gereji hizo Land Cruiser za miaka ya 1990 zinafunguliwa na kufungwa upya hadi leo.

Fundi ninayemzungumzia ana gereji yake eneo la Unga Limited. Ni uwanja wa udongo uliolowa oili, paa la mabati, jiliwa moja kubwa lililofungwa kwenye gogo, na ukuta wa spana ambazo kila moja ina msumari wake. Gari lililomfikia lilikuwa HZJ75, lenye springi za majani mbele na nyuma. Injini yake ni 1HZ: silinda sita kwa mstari, ujazo wa cc 4,164, dizeli isiyo na taabo wala kompyuta. Toyota ilianza kuitoa injini hiyo mwaka 1990, na hadi leo hakuna fundi wa kaskazini anayeiogopa.

Mwenye gari ni mama anayepeleka maji, gesi na vyakula kwenye kambi za watalii. Alikuja na akiba ya kutosha kwa jambo moja kubwa, na jambo lenyewe alishalichagua: springi mpya za kuliinua gari, na matairi mapana.

"Mama, tuangalie mbele kwanza," fundi akasema. "Ukilipandisha gari lililolegea, umepandisha ulegevu."

Jeki ikaingia chini ya ekseli, kisha stendi mbili za chuma, maana fundi huyu haingii chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake. Akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akamwita kijana wake akanyage breki, akatikisa tena. Bado linacheza. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote: breki ikikanyagwa, diski hushikana na kifundo cha usukani, kwa hiyo beringi za gurudumu haziwezi tena kucheza. Ulegevu ukitoweka, kosa ni la beringi za gurudumu. Ukibaki, kosa liko ndani zaidi, kwenye beringi za kingpini, zile mbili ndogo za juu na chini ambazo kifundo chote huzunguka juu yake. Hapo mama alianza kuyasahau matairi mapana.

Kalipa ikafunguliwa na kuning'inizwa kwa waya. Wengine huiacha ining'inie kwa mpira wake wa breki, na mpira huo ukianza kupasuka kwa ndani hutajua mpaka siku ya mteremko. Kikafuata kifuniko cha friwili, kisha saklipi ya ncha ya shafti, kisha nati sita zinazoshika habu ya friwili. Chini ya kila nati kuna koni ndogo ya chuma iliyopasuliwa upande mmoja, na koni hizo ndizo huwatoa watu jasho. Hazivutwi wala hazichokolewi. Fundi alirudisha nati hadi usawa wa ncha ya bolti ili kulinda nyuzi, akaweka kipande cha shaba, akagonga pigo moja kavu. Koni ikaruka. Akaenda kwa inayofuata.

Nati kubwa ya beringi, ya milimita 54, nayo ilikuwa na historia. Pembe zake zilikuwa zimetafunwa na tindo. Kuna mtu aliyeikaza kwa nyundo kwa kukosa spana yake. Fundi wetu ana boksi aliyoichongesha mwenyewe kutoka bomba nene, imekaa ukutani kwenye msumari wake. Hakumlaumu aliyetangulia. Alimwonyesha tu kijana zile alama, kisha akaweka nati kando na kusema itabadilishwa.

Shafti ilipovutwa nje, ulimwagika uji mweusi. Hiyo ni oili ya difu iliyochanganyika na grisi ya kifundo. Sili ya ndani ya ekseli ilikuwa imekufa, oili ikavuka, ikaiyeyusha grisi, na mchanganyiko huo ukatokea nje ya tufe la chuma nyuma ya gurudumu, ambako ulikusanya vumbi na kuligeuza msasa. Kila kilichokuwa kikilia na kucheza kwenye gari hilo kilianzia kwenye mduara wa mpira unaoenea kiganjani.

Kisha ukaja usafi, ambao ulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote. Karai la dizeli, brashi ya waya, vitambaa, mafuta ya taa, vitambaa tena. Shimu za juu zilifungwa kwa waya na kuandikwa "juu", za chini "chini", upande wa kushoto mbali na wa kulia. Fundi alichukua beringi moja moja, akaisuuza, akaikausha, akaizungusha karibu na sikio. Za magurudumu zilikuwa na njia nyororo zisizo na alama. "Hizi zina maisha bado, Mama. Tusizitupe." Za kingpini zilikuwa na vishimo vidogo vilivyojipanga, kila roli imechimba mahali pake, kwa sababu usukani hukaa katikati muda mwingi na barabara ikigonga hugonga palepale. Hizo nne hazikujadiliwa.

Jointi za shafti ndizo zilizonifunza maana halisi ya bajeti. Ndani ya kila moja kuna gololi sita zinazokimbia kwenye mifereji. Gari likiwa kwenye fowili, hizo ndizo hupeleka nguvu kwenye gurudumu huku linakata kona. Zilikuwa zimeanza kugonga usukani ukikatwa wote. Jointi mpya za asili ni ghali, na za bandia hupasuka. Lakini gari huenda mbele zaidi ya kurudi nyuma, kwa hiyo gololi husugua upande mmoja tu wa mfereji. Jointi ya kushoto ikihamishiwa kulia, na ya kulia kushoto, mzigo huangukia upande ambao haujaguswa. Shafti zenyewe hazilingani urefu, hivyo kila jointi lazima itolewe kwenye shafti yake. Fundi alibana shafti kwenye jiliwa, akaweka shaba kwenye kitovu cha jointi, akagonga kwa kuzunguka hadi saklipi ya ndani ikaachia. Hakuna senti iliyotumika.

Sili mpya hakuipiga nyundo moja kwa moja. Alitafuta kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana na ukingo wake, akaisukuma taratibu, midomo ikielekea difu. Aliisimamisha kabla haijafika pale ilipokuwa ya zamani, kwa sababu shafti ilikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na sili ya kale. Milimita chache za tofauti, na mdomo mpya ukapata chuma ambacho hakijachakaa.

Halafu ikaja mizani. Ni mizani ya ndoano, ya springi, kama zile za wauza samaki. Kifundo kilifungwa na beringi mpya na shimu zilezile, bila shafti na bila sili za tufe ili visidanganye kipimo. Fundi alitia ndoano kwenye ncha ya mkono wa usukani, akavuta. Kinachotakiwa ni kifundo kianze kusogea kwa uzito wa kati ya kilo 3 na 6. Kilisogea kwa 2. Kikiwa chepesi hivyo, usukani utatetemeka mikononi mwa dereva. Akafungua nati nne, akagonga koni zake, akatoa shimu ya milimita 0.2, akakaza zote tena kwa msalaba, akavuta: zaidi ya 7. Kikiwa kizito hivyo, beringi zitaungua. Akafungua tena zote nne, akarudisha shimu ya milimita 0.1, nyembamba kiasi kwamba upepo ulitaka kuichukua, akakaza, akavuta. Kilo 4 na nusu. Akavuta mara ya pili kutokea upande wa pili. Ileile.

Hakusema kitu. Akahamia upande wa kulia, akaanza upya.

Najua gereji nyingi ambako kifundo hutikiswa kwa mkono na kuambiwa "poa". Pengine huwa poa kweli, kwa miezi michache.

Grisi ya beringi za gurudumu ilishindiliwa kiganjani, beringi ikigongwa kwenye bonge la grisi hadi ikachomoza upande wa juu kati ya roli. Kifundo kilijazwa robo tatu na grisi yenye molibdeni. Robo iliyobaki ni nafasi ya kupanuka joto likipanda. Nati mpya ya milimita 54 ikakazwa, habu ikazungushwa huku na huku ili roli zikae, nati ikalegezwa, ikakazwa tena kwa mizani ileile, kisha zikafuata washa ya kufungia na nati ya nje, na washa ikakunjwa upande mmoja juu ya nati ya ndani na upande mwingine juu ya nati ya nje.

Kwa fedha iliyobaki zilifanyika nyongeza mbili. Ya kwanza ni mpira wa mafuta wa mita chache, uliotoka kwenye tundu la kupumulia la ekseli hadi juu kwenye chumba cha injini. Ekseli yenye joto ikiingia mtoni, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, nayo huvuta maji kupitia sili. Mpira ukiwa juu, huvuta hewa kavu. Ya pili ni rilei mbili na waya nene kutoka betri hadi taa kubwa, kwa maana waya za zamani zilikuwa zikinyonya umeme njiani. Springi zilifunguliwa, majani yakasuguliwa kutu, busheni zikabadilishwa. Gari halikupanda juu hata sentimita moja.

Ukienda kununua Land Cruiser ya namna hii, wacha rangi na redio. Lala chini, angalia lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele. Ukikuta utando mwembamba wa grisi juu ya chuma kinachong'aa, zungumza bei kwa heshima. Ukikuta weusi unaochuruzika, toa kwenye bei gharama ya sili, beringi nne na siku kadhaa za fundi anayemiliki mizani.