Kalamu za Gombe

Kwetu Titye, Kasulu, milima iko wazi. Ukisimama kwenye shamba la maharage unaona hadi mlima wa pili, na anayekuja unamtambua kwa mwendo wake kabla hujamwona uso. Labda ndiyo maana mtu wa Kasulu akishuka ziwani na familia yake, akateremka botini pale Kasekela katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mwanzoni haoni kitu. Anaona majani.

Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana, ila muamke alfajiri sana. Ni gari hadi Kigoma, halafu Kibirizi, halafu boti ya mbao inayopita kandokando ya Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini. Boti za abiria zinafuata ratiba ya wachuuzi, kwa hiyo anayetaka kulala kwake jioni hiyo hukodi ya kwake. Watoto wadogo hawaruhusiwi kwenda walipo sokwe, na watu wazima huvaa barakoa, maana mafua yetu huwaua wanyama hao. Basi wadogo hubaki ufukweni na bibi yao, wakilinda ndizi zisiporwe na nyani. Wasidhani wamekosa uhondo. Vita vya ndizi na nyani hutosha kusimuliwa mwezi mzima.

Wakubwa hupanda bonde la Kakombe nyuma ya mwongozaji. Msitu mnene uko huku chini, kwenye mabonde yenye vijito; juu kuelekea ukingo wa milima miti hupungua, zikabaki nyasi na miombo. Mwongozaji haongei sana. Anageuza kokwa la chikichi lililotafunwa aone kama bado lina unyevu. Anatazama juu kilipo kiota cha usiku uliopita. Kelele zikisikika ng'ambo ya bonde, husimama akasikiliza zimetoka wapi na zinaelekea wapi, kisha hukata njia kwenda mahali ambapo sokwe bado hawajafika. Ufundi huu unastahili sifa, lakini si huu nilioujia hapa. Wawindaji wa Buha waliujua zamani.

Nilioujia ni ule wa kalamu.

Mtafiti Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na mwaka huohuo akamwona sokwe akichokonoa mchwa kwa kijiti. Hayo yamesimuliwa duniani kote. Wanaotajwa kwa nadra ni watu kama Rashidi Kikwale, aliyemwongoza milimani siku zile za mwanzo, na Hilali Matama. Mwaka 1969 mwanafunzi mtafiti alianguka kwenye genge akafa, na tangu hapo wanafunzi wakawa wanatembea na wenyeji. Halafu Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka wanafunzi wanne. Wageni wakaondoka. Utafiti haukufa, kwa sababu watu wa vijiji vya ziwani waliendelea kuamka gizani, kumfuata sokwe waliyemchagua tangu anapotoka kiotani hadi anapojenga kingine, na kuandika.

Waliandika kwa Kiswahili. Kila dakika 15 waliweka alama kwenye ramani: yuko wapi, yuko na nani. Katikati ya alama hizo walieleza yaliyotokea: nani kala nini, nani kamkaribia nani, nani kakimbia. Inaonekana kazi nyepesi hadi uijaribu. Mwambie mtu yeyote aandike ugomvi wa jirani zake bila kusema nani mbaya, uone atafika mstari wa ngapi. Sisi tunaoishi kwa kuandika ndio tungeshindwa mapema zaidi. Tungemaliza ukurasa wa kwanza tukiwa tumeshamhukumu mtu.

Januari 1974 Hilali Matama alishuhudia sokwe madume wa kundi la Kasekela wakimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama lililokuwa limejitenga nao. Walimshika, wakampiga na kumng'ata, na hakuonekana tena. Hadi wakati huo wengi waliamini sokwe ni wapole kuliko sisi. Habari kama ile ingeweza kukataliwa kirahisi, lau msimulizi angekuwa mtu wa kuongeza chumvi. Ikasimama, na mashambulizi yaliyofuata yakaithibitisha.

Hata leo, muulize mwongozaji kwa nini sokwe jike amemnyima mwanawe tunda. Atakujibu kwamba amemwona akimnyima, lakini sababu yenyewe hakuiona. Mtoto wa sekondari hukereka na jibu hilo, na mimi namwelewa, kwani shuleni kwetu insha hupata alama kwa methali na tamko la mwisho. Ningekuwa mwalimu wa Kiswahili Kasulu ningewapa wanafunzi kuku mmoja wa kumfuata asubuhi nzima, kila mtu na daftari lake, na ningekata alama kwa kila "labda".