Matuta yaleyale, mfadhili mwingine: kumsoma Shivji kutoka Uluguru

Nimekirudia kijitabu cha Issa Shivji, Silences in NGO Discourse, kilichotolewa na Fahamu mwaka 2007. Ni kifupi, basi la Dar hadi Morogoro linatosha kukimaliza. Ila kinauma. Shivji, mzaliwa wa Kilosa, anatueleza kwa nini watu wengi wa mrengo wa kushoto hawawaamini wafadhili na asasi zao. Hawachukii wema, wanauliza tu: huyu anayetusaidia anawajibika kwa nani?

Anasema asasi nyingi zinautazama umaskini kana kwamba hauna historia, halafu zinajitangaza kuwa hazina siasa. Kwake, anayesema hana upande ameshachagua upande: mambo yabaki yalivyo. Wala hajitoi lawamani. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioanzisha Hakiardhi mwaka 1994.

Hebu tuipandishe hoja hii mlimani. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu wakakataa waziwazi, ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Nusu karne baadaye matuta yakarudi Uluguru, safari hii kupitia mradi wa CARE na WWF: mkulima analipwa kwa kutunza udongo ili maji ya Mto Ruvu yafike Dar yakiwa safi. DAWASCO na Coca-Cola walikuwa miongoni mwa waliochangia malipo hayo.

Tofauti ipo, tusidanganyane. Yule alikuja na amri, hawa wakaja na makubaliano na hela. Lakini mkoloni alijulikana alipo, na watu walipomgomea, mpango wake ulianguka. Mradi ukifungwa je, mkulima wa Kibungo Juu atamgomea nani? Mfadhili hakumpigia kura, na hana namna ya kumwondoa. Mto unaendelea kushuka, bajeti ndiyo imekata. Na kama Dar inakunywa maji yanayolindwa kwa jembe la Mluguru, basi malipo yake ni deni. Deni halisubiri huruma ya mtu.

Pale Shivji anaponiacha njiani ni kwenye kimya chake mwenyewe. Anabishana na wanaharakati wenzake, mwanakijiji hatumsikii. Mama anayebeba ndoo kwenye mteremko hatalikataa bomba eti kwa sababu nadharia ya aliyelileta ina kasoro, na akilipokea hajawa mjinga. Ukosoaji usioanzia kwenye ndoo yake unakuwa semina nyingine tu, bila posho.

Hata hivyo, mama huyo ana haki ya kulidai bomba kwa mtu anayeweza kumsimamisha kwenye mkutano wa kijiji na kumuuliza. Kwa hilo, Shivji bado yuko sahihi. Kisomeni. Siku mkipishana na shangingi lenye nembo ya mradi, jiulizeni: likishaondoka, nani atabaki wa kuulizwa?