Namna ya Kuutambua Mkataba Ulioandikwa Vema

Mwenye kuvuka mpaka kutoka Tunduma kuingia Nakonde, hata akitembea kwa miguu na kikapu mkononi, hujikuta amezawadiwa saa nzima, maana inapogonga saa kumi jioni upande wa Tanzania, Zambia ni saa tisa tu. Basi mkataba wa kusafirisha mzigo usemao kwamba lori likabidhiwe “kabla ya saa kumi jioni”, ukanyamaza bila kutaja ni saa za nchi gani, umekwisha kuzaa kesi kabla dereva hajapanda garini. Na aliyeuandika hakukosa elimu wala nia njema, ila alikosa kujiuliza msomaji mwenye husuda angeyafahamu vipi maneno yale. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 ili kufupisha foleni ya ukaguzi; lakini hakuna kituo kinachoweza kumfupishia mtu safari ya mahakamani ikiwa waraka wake una milango miwili.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, baada ya miaka mingi ambayo Kiswahili kilitawala Mahakama ya Mwanzo huku hukumu za mahakama za juu zikiandikwa kwa Kiingereza. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika uamuzi kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu huko Musoma, alisifiwa hadharani na Rais Magufuli na kupandishwa hadi Mahakama ya Rufani. Hayo yalikuwa ya kushukuriwa, walakini tusidanganyike: waraka waweza kuwa wa Kiswahili kitupu na bado ukawa kiza kitupu. Uwazi ni ufundi, na ufundi una alama zake, ambazo mtu yeyote ajuaye kusoma aweza kujifunza kuzitambua.

Alama ya kwanza ni majina ya wahusika. Fundi hodari huwapa wahusika majina yasiyofanana kwa sauti wala kwa sura, kwa sababu jicho lililochoka halitofautishi upesi baina ya mpangishaji na mpangaji, wala baina ya mdai na mdaiwa. Katika mkataba wa pango la fremu ya duka, “mwenye nyumba” na “mpangaji” watoshe; nao wakiisha kupewa majina hayo, wasibadilishiwe. Mwandishi amwitaye mtu mmoja “mpangaji” katika kifungu cha pili, “mteja” katika cha tano na “mhusika” katika cha tisa hakupamba lugha, bali amemwongeza mtu wa tatu na wa nne katika mapatano ya watu wawili.

Alama ya pili, nayo ndiyo inayotaka jicho kali kupita zote, ni umiliki. Tuchukue mfano wa shamba la mibuni huko Mbozi, na hati ya mauziano isemayo: “Muuzaji amemuuzia mnunuzi shamba lake, naye atachuma mazao yake ya mwaka huu.” Sentensi ni fupi, maneno yote yafahamika na mtoto, wala hakuna kosa la sarufi, lakini naye ni nani, na mazao ni ya nani? Muuzaji ataapa kwamba yeye ndiye aliyebakiziwa kahawa, na mnunuzi ataapa kwamba ameuziwa shamba na kahawa iliyomo, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Ngeli za Kiswahili ni neema kubwa kwa mwandishi wa sheria, kwa kuwa likisemwa “litakabidhiwa” twajua ni shamba, na ikisemwa “itabomolewa” twajua ni nyumba. Ila neema hiyo hukoma wanapoingia wanadamu, ambao wote, mwanamume na mwanamke, muuzaji na mnunuzi, wamevikwa kiambishi kimoja. Fundi haoni aibu kurudia jina: “Muuzaji atachuma kahawa ya msimu wa mwaka huu. Kahawa ya misimu yote itakayofuata ni ya mnunuzi.” Si balagha ya kupigiwa makofi, lakini haina mlango wa pili.

Alama ya tatu ni maneno ya amri. Sheria ya Tafsiri ya Sheria yenyewe imetenga neno la hiari na neno la lazima, na kila mwandishi angepaswa kuiga. Neno “anaweza” ni la kutazamwa kwa shaka, maana hubeba uwezo wa mwili, ruhusa na mamlaka katika gunia moja: aliyepewa ruhusa na aandikwe kuwa ana ruhusa, mwenye mamlaka aandikwe kuwa ana mamlaka, na mwenye wajibu aandikiwe “lazima”, pamoja na siku ya mwisho na matokeo ya kutotimiza. Kadhalika ridhaa si idhini. Ridhaa ni moyo wa mtu kukubali, na idhini ni kauli ya mwenye cheo kuruhusu. Anayezichanganya hizo ametia unga na mchanga katika chombo kimoja.

Alama ya nne ni kutokuwepo kwa vivuli vya Kiingereza. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, sheria za huko zikaja kunenwa kwa Kifaransa na Kilatini katikati ya raia wa Kiingereza, na aghalabu jambo moja likapewa maneno mawili ili kila kundi lisikie. Mazoea hayo mwanasheria wa Marekani David Mellinkoff aliyachambua na kuyakemea katika kitabu chake cha mwaka 1963. Sasa sisi, ambao Wanormani hawakututeka, kwa nini tuige urudufu huo na kuandika “batili na isiyo na nguvu yoyote ya kisheria”? Kilicho batili ni batili.

Alama ya tano ni mipaka ya ardhi. Hati za kale za pwani, zilizoandikwa mbele ya kadhi, hazikukubali kiwanja kisichotajiwa pande zake nne, kibla na suheli, matlai na maghribi, pamoja na jirani wa kila upande. Hati isemayo “kuanzia mwembe hadi mfereji” imeweka haki ya watoto wa mtu chini ya rehema ya shoka na ya mvua. Mbozi ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kabisa kujaribiwa hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Basi mnunuzi wa shamba la kijijini asiangalie vipimo peke yake, bali atafute pia, ndani ya hati, idhini ya halmashauri ya kijiji na tarehe yake. Ikikosekana hiyo, uzuri wa maneno mengine ni hina juu ya donda.

Yaliyo kweli kwa hati ya watu wawili ni kweli zaidi kwa sheria ndogo za halmashauri, ambazo humfunga hata asiyetia saini. Sheria hiyohiyo ya vijiji ina kanuni njema kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa kijiji uidhinishe kwanza. Lakini mwanakijiji asiyeweza kuifahamu kanuni kwa kuisikia ikisomwa mkutanoni atanyoosha mkono kwa jambo asilolijua, na huo si ushirikishwaji. Sheria ndogo ya ushuru iliyo bora humwambia mwenye genge, kwa mpangilio huu, nani alipe, kiasi gani, kwa nani, lini, na risiti gani adai.

Tahadhari mbili zabaki. Wingi wa kurasa, mihuri na maneno mazito si dalili ya ubora. Wala ufupi peke yake si dalili yake, maana waraka wa nusu ukurasa unaosahau kutaja itakuwaje mpangaji akifariki ni mfupi kwa sababu una pengo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatia saini, mpe waraka mtu asiyehusika, umsomee kwa sauti mara moja tu, kisha umuulize: nani anadaiwa nini, mwisho lini na kwa saa za wapi, na asipotimiza yatakuwaje? Akijibu bila kuomba urudie, tia saini. Akisita, mrudishie mwandishi karatasi yake, hata kama umekwisha kumlipa.