Tani ya Pikapu Inavyopatikana na Inavyoliwa

Chukua bodi ya pikapu yenye urefu wa mita 2.2, upana wa mita 1.6 na kimo cha sentimita 40. Ijaze mahindi makavu hadi usawa wa ubavu: umepakia takriban tani moja. Yashushe, kisha jaza mchanga mkavu hadi pale pale: tani mbili na robo. Mchanga ukiwa umelowa, unakaribia tani 2.7. Ujazo haukubadilika, lakini uzito umekaribia mara tatu. Kwa hiyo anayepakia kwa kuangalia bodi imejaa au haijajaa hajapima chochote.

Kiwanda hakianzii kwenye bodi. Huanza na uzito wa juu kabisa wa gari zima likiwa na kila kilichomo, halafu hutoa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho mzigo. Namba hiyo hutofautiana hata kwa gari la jina moja. Toyota Land Cruiser 79, farasi wa migodi, mbuga na mashamba ya kwetu, mwaka 2022 ilipandishiwa uzito wa juu wa gari zima nchini Australia hadi kilo 3,510. Kwingineko zipo zenye uzito mdogo zaidi. Soma kibati cha gari lako, kile kilichoandikwa uzito huo, usisome cha jirani.

Tupige hesabu ya mfano. Kibati kinasema kilo 3,300, na gari tupu lina kilo 2,200. Zimebaki 1,100, na hapo ndipo watu husema "tani na kidogo". Sasa mpandishe dereva na utingo wawili, kilo 70 kila mmoja: zinabaki 890. Ongeza ngao ya chuma ya mbele, tairi la pili la akiba, sanduku la vifaa na madumu mawili ya dizeli. Tukadirie kilo 150. Zimebaki 740. Hayo ni magunia saba ya kilo mia. Mwenye mali aliyepanga kumi na moja amezidisha kilo 360 kabla gari halijatoka shambani, na kwa hesabu yake anaamini hajazidisha kitu.

Namba ya kiwanda hutokana na viungo vingi vinavyobeba kwa pamoja: matairi, rimu, beringi, ekseli, springi, chesisi na breki. Kiungo kinachochoka mapema ndicho kinachoweka mpaka. Tairi lenye namba 116 ubavuni huruhusiwa kilo 1,250, tena likiwa na upepo unaotakiwa. Mawili ya nyuma hayapaswi kubeba zaidi ya kilo 2,500, pamoja na uzito wa gari lenyewe unaoangukia nyuma. Ekseli nazo si sawa. Kwenye Land Cruiser 79, uzito wa nyuma hubebwa na kasha la ekseli kupitia habu, na shafti ina kazi moja ya kuzungusha gurudumu. Kwenye Hilux, shafti huzungusha na hapo hapo hubeba. Ndiyo sababu pikapu mbili zinazofanana kwa bodi hazistahili mzigo mmoja.

Mahali pa kuweka mzigo pana uzito wake pia. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, 79 ina mita 3.18. Ukiweka tani moja ambayo kitovu chake kipo sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haipokei kilo 1,000; inapokea karibu 1,190. Zile 190 za ziada zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Usukani unakuwa mwepesi na taa zinaangaza angani. Chesisi nayo inapinda kama upinde kila gari linaporuka tuta, na mara nyingi huanza kuchanika nyuma ya kabini. Mifuko 20 ya saruji, yaani tani moja, huchukua nusu tu ya ujazo wa bodi ile ya mwanzo. Ipange imegusa kabini. Usiiache ikarundikana mkiani.

Dawa inayouzwa gereji ni kuongeza majani ya springi. Gari halititii tena, na mwenye gari anarudi akiamini limeongezewa tani. Kilichoongezeka ni ugumu wa springi peke yake. Tairi ni lile lile, beringi ni ile ile, na kibati hakijabadilika. Lipo baya zaidi, ambalo wengi hawaambiwi. Pikapu nyingi za Toyota zisizo na ABS zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Hupima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani, kisha huruhusu breki za nyuma nguvu inayolingana. Springi ikiwa ngumu, bodi haishuki. Vali inadhani gari ni tupu na kuibania breki ya nyuma, wakati gari limebeba kuliko siku zote. Anayeongeza majani bila kurekebisha vali hiyo amepunguza breki kwa fedha zake mwenyewe.

Mizani za barabarani hazitamwokoa. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inalenga magari ya kuanzia tani 3.5, kwa hiyo pikapu nyingi hupita bila kuulizwa. Kutoulizwa si ruhusa. Kwenye mteremko, maswali huulizwa na breki.

Kwa hiyo mwenye gari apime mara moja gari lake likiwa na dereva, utingo, mafuta na vifaa vyote, bila mzigo. Penye mizani ya ghala au ya kiwanda hilo ni jambo la muda mfupi. Atoe uzito huo kwenye namba ya kibati, kisha jibu aliandike kwa rangi mlangoni kwa kipimo cha kazi yake: magunia, mifuko au ndoo. Dereva hana ubavu wa kubishana na tajiri anayesema "ongeza mawili tu". Apewe namba iliyoandikwa na tajiri mwenyewe, na safari ya pili ilipiwe.