Klabu Iliyofungua Milima Wakati wa Baridi

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwenye hoteli katika vijiji vingi vya milima ya Alpi alikuwa na biashara ya miezi michache tu. Wageni walipanda Juni kuja kupunga upepo na kutazama vilele, wakashuka Septemba. Baada ya hapo madirisha yalifungwa, wafanyakazi wakalipwa chao, na treni ya mlimani ikasimama mpaka theluji iyeyuke. St. Moritz na Davos vilikuwa vimekwisha kujipatia wageni wa majira ya baridi, wengine wagonjwa wa kifua waliofuata hewa kavu, wengine wapenzi wa michezo ya barafu. Kwingineko baridi ilikuwa hasara tupu.

Leo mambo yamegeuka. Vijiji vilevile hutegemea Desemba hadi Aprili, na kila mwisho wa wiki vikundi vya klabu kutoka Uingereza, Uholanzi na Ujerumani hupanda na mabegi marefu ya skii kwa likizo ya siku saba. Mageuzi haya yalifanyikaje? Wengi hujibu kwamba theluji ilikuwapo, skii zikaja kutoka Norway, watu wakazipenda. Jibu hilo limeruka hatua. Theluji ilikuwapo tangu enzi na enzi, na skii zilifika Uswisi kabla ya hoteli kuzinduka. Kilichokosekana ni mtu wa kumhakikishia mwenye hoteli kwamba vitanda vitajaa, na kumhakikishia mwenye treni kwamba viti havitakwenda vitupu. Dhamana hiyo ilitolewa na klabu.

Mchungaji aliyejifunza kusafirisha watu

Aliyeifanya kazi hiyo kwa ukubwa ni Mwingereza Henry Lunn, aliyezaliwa Horncastle mwaka 1859. Alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na daktari, na aliwahi kuwa mmisionari India. Mwaka 1892 alianza kuwakusanya viongozi wa makanisa kijijini Grindelwald, Uswisi, wajadili namna ya kuungana. Makanisa hayakuungana, lakini Lunn alijifunza jambo la kibiashara: ukimpelekea mwenye hoteli watu wengi kwa mkupuo, na ukamwambia mapema tarehe ya kufika na ya kuondoka, bei hushuka. Reli nazo hupunguza nauli kwa hesabu hiyohiyo.

Kufikia 1903 alikuwa amekwisha kupeleka kundi la majira ya baridi Adelboden. Mwaka 1905 akaanzisha Public Schools Alpine Sports Club, klabu ya watu waliosoma katika shule za kulipia za tabaka la juu la Uingereza. Hapa ndipo penye ufundi. Waingereza wa tabaka hilo walidharau safari za makundi. Waliziona ni za makarani na wauza duka. Lunn hakubishana nao. Alichukua safari ileile ya kundi akaipa sura ya klabu: badala ya mteja kukawa na mwanachama, na badala ya wakala kukawa na kamati. Aliyekuwa akiona haya kusafirishwa kikundi sasa alijisifu kwa kukubaliwa kujiunga.

Ukiondoa majina makubwa, utaratibu wenyewe si mgeni kwa msomaji wetu. Anayekwenda Hija na taasisi anaujua: bei moja inayojumlisha nauli na malazi, orodha inayofungwa mapema, kiongozi anayejua njia, na hoteli iliyokwisha kupangwa kabla msafiri hajafunga begi. Lunn alikwenda mbele zaidi. Alikodi hoteli nzima kwa msimu, na asiye mwanachama hakupata chumba. Kwa mwenye hoteli, hilo liliondoa kubahatisha. Alijua ni vyumba vingapi vya kupasha moto, kuni kiasi gani za kupandisha kabla njia hazijazibwa na theluji, na wapishi wangapi wa kubaki nao. Gharama kubwa ya hoteli ya mlimani wakati wa baridi ni kuiweka hai. Ikishakuwa hai, mgeni mmoja zaidi huongeza kidogo sana.

Treni ya Mürren

Mfano bora wa dhamana hii ni Mürren. Kijiji hiki kimekaa kwenye ubao wa mwamba kiasi cha mita 1,640 juu ya usawa wa bahari, kikitazamana na vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau. Bonde la Lauterbrunnen liko zaidi ya mita 800 chini yake, na kati ya viwili hivyo pana ukuta wa mawe. Tangu 1891 kulikuwa na njia ya reli ya vipande viwili: treni ya kamba ilipandisha watu kutoka Lauterbrunnen hadi Grütschalp, kisha wakahamia treni ndogo ya umeme iliyofuata ukingo wa mlima mpaka kijijini. Majira ya baridi njia hiyo ilifungwa.

Ugumu wake ulikuwa wa mduara. Hoteli haiwezi kufunguliwa bila treni, kwa sababu hakuna atakayepandisha nyama, mkaa na wageni kwa mgongo. Treni haiwezi kuendeshwa bila hoteli, kwa sababu kusafisha theluji relini na kuwalipa wafanyakazi kunahitaji abiria wa kila siku. Kila upande ulimngoja mwenzake. Lunn aliuvunja mduara kwa kuleta kitu cha tatu kilichokwisha kuwapo, yaani orodha ya wanachama. Majira ya baridi ya 1910 kuelekea 1911 treni ikaendeshwa, na hoteli ya Mürren ikapokea klabu. Mwaka 1912 ikafunguliwa treni nyingine ya kamba, kutoka kijijini hadi Allmendhubel, mita zipatazo 250 juu zaidi.

Treni hiyo ya pili iliubadilisha mchezo wenyewe.

Ngozi ya sili na kiti cha treni

Skii za Norway zilikuwa chombo cha kusafiria. Mtu alitembea nazo katika nchi ya vilima, na ushindani ulihusu umbali na kuruka. Katika Alpi, kabla ya treni, aliyetaka kushuka ilimlazimu kwanza apande. Alifunga ukanda wa ngozi ya sili chini ya kila skii, manyoya yakielekea nyuma. Skii ikisukumwa mbele, manyoya hulala na kuteleza. Ikitaka kurudi nyuma, husimama na kung'ang'ania theluji. Kwa njia hiyo mtu hupanda mteremko mkali hatua kwa hatua, saa tatu au nne, kisha anafungua ngozi, anazikunja begani, anashuka kwa dakika chache. Siku nzima imezaa mteremko mmoja.

Kwa mwendo huo ufundi wa kushuka hauwezi kukua haraka. Kupinda skii kwenye theluji ngumu ni stadi ya mwili, na mwili hujifunza kwa kurudiarudia. Mwanachama aliyepandishwa na treni alipata miteremko kadhaa kabla ya chakula cha mchana. Alianguka asubuhi, akarudi palepale, akajaribu tena miguu ikiwa bado inakumbuka kosa.

Mwana wa Henry, Arnold Lunn, aliyezaliwa Madras mwaka 1888, ndiye aliyeyageuza mazoezi hayo kuwa mashindano. Januari 1911, huko Montana, Uswisi, yalifanyika mashindano ya Kombe la Roberts wa Kandahar, lililobeba jina la jemadari wa Uingereza aliyepata umaarufu katika vita vya Afghanistan. Washindani walilala katika kibanda cha Wildstrubel, na asubuhi wakaondoka wote kwa pamoja, wakavuka uwanda wa barafu wa Plaine Morte na kushuka hadi kijijini kwenye theluji ambayo haikuwa imeshindiliwa na mtu. Cecil Hopkinson alishinda kwa dakika 61. Washindani walipanda kwa miguu, lakini kilichopimwa kilikuwa ni kushuka.

Mwaka 1922 huko Mürren, Arnold akaiweka slalomu katika umbo tunalolijua. Kabla yake waamuzi walitoa alama kwa uzuri wa mtindo. Yeye alichomeka bendera mbilimbili kama milango, akaamuru kila mmoja apite katikati ya kila jozi, kisha akaangalia saa tu. Hoja yake ilikuwa ya kimlima: kupinda kunakusaidia kukwepa miti kwa mwendokasi, na msituni hakuna mwamuzi wa kukusifu kwa mkao mzuri.

Klabu zikazaana. Kandahar ilianzishwa Mürren mwaka 1924. Mwaka uliofuata, katika kijiji jirani cha Wengen, ikazaliwa Downhill Only. Jina hilo lilitokana na kejeli ya watu wa Mürren, waliowacheka wenzao kwa kupanda treni na kufanya kazi ya kushuka tu. Wa Wengen wakalipokea jina kwa furaha, maana lilisema kweli. Mwaka 1928 wanachama 17 wa Kandahar walipanda hadi kilele cha Schilthorn, mita 2,970, wakashindana kushuka hadi Lauterbrunnen, mita zipatazo 800. Mshindi, Harold Mitchell, alitumia saa moja na dakika 12. Mashindano hayo, yaitwayo Inferno, yanaendelea mpaka leo.

Wanorway hawakupenda. Kwao, mchezo usio na kutembea wala kuruka ulikuwa nusu mchezo. Hata hivyo Shirikisho la Kimataifa la Skii liliyakubali mashindano ya kushuka na slalomu mwaka 1930, na mwaka 1931 ubingwa wa kwanza wa dunia ukafanyika palepale Mürren. Upande wa wanawake, Mwingereza Esmé Mackinnon, msichana wa miaka 17, alishinda yote mawili. Mzaliwa wa Kilifi, Sabrina Simader, alipoiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018, alipita kwenye milango ambayo asili yake ni bendera zile.

Kuwapanga watu wasiolingana

Likizo ya kikundi ina tatizo ambalo msafiri wa peke yake halijui. Kikundi mlimani huenda kwa mwendo wa aliye mnyonge. Mmoja akianguka kila mita kumi, tisa wanasimama kwenye upepo, na jasho walilotoka linaanza kuwagandia mwilini. Mwenye ujuzi anachoka kungoja. Asiye na ujuzi anaona aibu, anajilazimisha kwenda mbio, anavunjika mguu.

Waingereza walilijibu kwa mitihani. Ski Club of Great Britain, iliyoanzishwa London mwaka 1903, ilikuwa na mitihani ya madaraja matatu, kuanzia la tatu mpaka la kwanza, na beji kwa anayefaulu. Beji ilionekana kama pambo, lakini ilimfaa zaidi kiongozi wa msafara: ilimwezesha kugawa watu asubuhi bila kumvunjia mtu heshima. Hakuna aliyeambiwa hawezi. Aliambiwa kundi la daraja lake linaondoka saa fulani. Klabu za leo bado hugawa hivyo, hata kama madaraja yamebadilika majina.

Kilichobadilika ni haki ya kuongoza. Zamani mwanachama mzoefu aliwaongoza wenzake na mambo yakaisha. Sasa katika nchi kama Ufaransa kuwaongoza watu kwa malipo ni taaluma yenye cheti. Februari 2013 mahakama ya Albertville iliamua dhidi ya kampuni moja ya Kiingereza iliyowatumia wafanyakazi wasio na cheti cha ukufunzi kuwaongoza wageni wake kwenye miteremko ya Méribel. Kikundi makini siku hizi hutenganisha mambo mawili: anayeshughulikia vyumba, tiketi na saa za chakula, na anayekabidhiwa maisha ya watu mlimani, hasa nje ya njia zilizotengenezwa, ambako maporomoko ya theluji hayajali beji ya mtu.

Uzio haukuwa mtambo

Inabaki hoja moja ya kupima. Je, klabu ya Lunn ilifaulu kwa sababu iliwakusanya watu mapema, au kwa sababu iliwafungia wengine nje? Wasifiaji wake husema uzio ndio uliowavuta matajiri, na matajiri ndio walioilipia treni. Kwa mwaka 1910 inawezekana. Lakini historia ilitupa jaribio la pili.

Mwaka 1932 Erna Low, msichana wa Vienna aliyekuwa akisoma London na kutamani kwenda kumwona mama yake, alitangaza katika gazeti la Morning Post kwamba anapeleka kikundi Austria kwa wiki mbili. Bei ilikuwa pauni 15, ikijumlisha nauli, malazi na mafunzo ya skii. Hakuuliza mtu alisoma shule gani. Kikundi kilipatikana, na kutokana nacho ikakua kampuni ya safari iliyoendelea kwa miongo mingi. Alitumia kanuni zilezile za Lunn, yaani orodha, tarehe, bei moja na hoteli iliyokubaliwa mapema, ila ule uzio hakuwa nao, na safari ilifanyika.

Kwa hiyo, anayechambua likizo ya kikundi katika Alpi asipotezwe na majina ya kifahari ya klabu, makombe na chakula cha jioni cha suti. Aangalie orodha ilifungwa lini, nani alibeba hasara ya kitanda kitupu, wasiolingana uwezo walipangwa vipi, na nani alikuwa na haki ya kuwaongoza. Lunn aliyajibu maswali mawili ya mwanzo vizuri kuliko yeyote wa zama zake, na ndiyo maana treni ya Mürren iliendelea kupanda hata baada ya malango ya klabu yake kupoteza maana.